Kabla ya chemba, fungueni mtungi wa oksijeni

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya wale wapangaji waliokutwa wamezimia, jiko la mkaa bado lina moto, ilimalizia kwa kulilia chemba za oksijeni, yaani vyumba vya mgandamizo ambamo mgonjwa hupumua oksijeni tupu. Miaka yote nimenyamaza mkiandika kila msimu wa baridi kwamba watu "walikosa hewa". Hewa ilikuwepo. Ilikuwa na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huing'ang'ania himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe.

Chemba ni tiba ya kweli, sibishi. Mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu ya gesi huchukua saa 4 hadi 5 kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni tupu ni kama dakika 75, na ndani ya chemba yenye mgandamizo wa karibu mara 3 ya kawaida, kama 25. Lakini chemba ninazozijua ziko pwani kwa ajili ya wazamiaji. Mgonjwa wa Njombe anayesafirishwa bila oksijeni anaweza kuumia ubongo njiani.

Tena wodini kwenyewe oksijeni inakatizwa! Katika hospitali moja nilishuhudia mjamzito aliyeletwa alfajiri, kichwa kinamgonga, anatapika. Oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni ya damu, ikasoma asilimia 99, akavuliwa barakoa papo hapo, eti oksijeni yake ni nzuri. Kifaa kile hupima kwa mwanga, na damu iliyobeba gesi ya mkaa hukihadaa kikaihesabu kuwa imebeba oksijeni. Na mtoto tumboni gesi humtoka polepole kuliko mama, kwa hiyo mama huyo ndiye aliyestahili kukaa na barakoa muda mrefu kuliko wote. Iwe barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika, mfuko ujazwe kabla ya kumvika mgonjwa na usinywee kabisa anapovuta pumzi. Mipira ya puani haitoshi. Akiruhusiwa, arudi kupimwa kumbukumbu na mwendo, maana madhara ya ubongo huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye.

Acheni pia kutangaza chemba laini za kuondoa makunyanzi bila onyo. Nyingi zina mgandamizo wa mara 1.3 tu, mgonjwa wa gesi asipelekwe huko.

Waganga wafawidhi, kateni plasta nyeupe, bandikeni juu ya kila oksimita, andikeni kwa wino mzito: HAIONI GESI YA MKAA. Ifanyike kabla ya Juni.

Msomaji wenu,
Njombe