Ukitoa nyama kwenye ramen, nguruwe bado yumo kwenye supu

Ndugu Mhariri,

Mimi msomaji wenu wa siku nyingi, kwetu Tanga, huku Fukuoka nina mwaka wa tatu nasoma. Naomba nafasi niongee na ndugu zangu Waislamu wanaokuja Japani kwa masomo, kozi fupi au biashara ya magari, maana limemkuta mtu ninayemheshimu na roho inaniuma mpaka leo.

Kaka mmoja alikuja kwa kozi ya wiki mbili, wenyeji wake wakamtoa jioni wakale ramen, zile tambi za Kijapani za kwenye supu. Akauliza vizuri tu kama ina nyama ya nguruwe, wakamwambia ondoa shaka, tutamwambia mpishi asikuwekee. Bakuli likaja halina kipande hata kimoja, kaka wa watu akala, akanywa na supu akamaliza. Kesho yake ananisimulia kwa furaha mi nimekaa kimya sijui nianzie wapi, maana ramen ya hapa Hakata, eneo la Fukuoka hii hii, ni tonkotsu, na tonkotsu ni mifupa ya nguruwe yenyewe, inachemshwa masaa na masaa kwa moto mkali mpaka supu inakuwa nyeupe kama maziwa. We fikiria makongoro, ila uyaache yachemke mpaka mafuta na uboho vishikane na maji visijitenge tena. Na wale wenyeji hawakumdanganya jamani. Kwao nyama ni kile kipande cha juu, kaulizwa nyama kajibu nyama, mfupa hakuuliziwa.

Wengine wanadhani wakikwepa tonkotsu wamepona, wanaagiza ya shoyu (sosi ya soya) au ya miso (soya iliyochachushwa ikawa rojo). Hayo ni majina ya kiungo kinachotia chumvi na ladha tu, supu yenyewe mara nyingi ni mifupa ya kuku na ya nguruwe imechanganywa. Na wanaojua ramen ya paketi tu, ile aliyoianzisha Momofuku Ando mwaka 1958 na ya kwanza ilikuwa ya ladha ya kuku, ndo kabisa hawawazi kitimoto.

Ulizeni hivi: "Suupu ni mo buta wa haitte imasu ka?" yaani hata kwenye supu nguruwe yumo? Hapo mtu hakujibu juu juu, anaenda kwanza jikoni.

Sisemi msile ramen, na mimi ndo naipenda hasa. Kuna kamgahawa nakwenda nikipata posho, ramen ya kuku peke yake, cheti cha halali kimebandikwa ukutani, stuli nane zimepangana kwenye kaunta basi. Mlangoni kuna mashine, unatumbukiza hela unabonyeza picha inatoka tiketi, unampa mzee mwenye mgahawa, maji unajichotea mwenyewe. Mzee yuko peke yake, anachemsha tambi kwa muda mfupi sana, anakung'uta maji kwa nguvu mara tatu nne, anamwaga supu, unapokea bakuli bado linafuka. Hapo usisubiri lipoe, tambi zake nyembamba zinalainika haraka, unazivuta na vijiti kwa sauti sruuuu na hakuna anayekuangalia vibaya, ndo inavyoliwa. Tambi zikiisha na supu bado ipo unasema "kaedama" unaongezewa tambi kwa hela kidogo.

Ila mkishiba ondokeni. Nimeona wenzetu wanamaliza kula wanakaa nusu saa wanapiga stori na watu wamesimama nje kwenye baridi. Bakuli kwa mzee ni yen 980, na wauza ramen wa huku wana kitu wanaita ukuta wa yen 1,000, wanaogopa kuuvuka wateja wasije wakakimbia, huku unga na umeme vimepanda bei. Stuli nane hizo ndo mshahara wake, ukiikalia moja bure umemkatia riziki. Inua bakuli lirudishe juu ya kaunta, sema "gochisosama", yaani asante kwa chakula, nenda.

Yule kaka nilimpeleka kwa mzee siku mbili kabla hajarudi. Kabla ya kukaa aliuliza supu, kwa Kijapani, nilimfundisha njiani, mzee akamwonyesha sufuria lenyewe na mifupa ya kuku ndani. Alikula taratibu, hakuongea sana.

Mhariri, mkipunguza barua hii sawa, ila ile sentensi ya Kijapani naomba iachwe kama ilivyo, watu waikate waweke kwenye pasipoti.

Msomaji wenu,
Fukuoka, Japani