Gololi chini ya ngozi: kwa nini tunaitoa na mfuko wake

Mzee mmoja muuza samaki aliingia kliniki kwetu hapa Ngamiani, akavua kofia yake ya viua. Utosini palikuwa na nundu laini, inang'aa, ukubwa wa limau changa. "Daktari, miye nnalo hili dude mwaka wa kumi na nne," akasema. "Limepanga tu hapa, ila kodi halilipi." Hakuletwa na maumivu. Kinyozi alikuwa amelikwangua na mashine, likatoka damu, na mkewe akasema sasa basi.

Watu wengi huita kitu hiki uvimbe wa mafuta. Jina si baya, ila linapoteza, kwa sababu mara nyingi ndani hamna mafuta. Ngozi yetu ya juu hujivua kila siku, chembe zilizokufa zinapukutika bila sisi kujua. Ikitokea kipande cha ngozi hiyo kimejikunja ndani, kikaunda kijifuko, kazi ya kujivua inaendelea vilevile, lakini uchafu hauna pa kwenda. Unarundikana. Ni keratini, ileile inayojenga kucha na nywele, na ukiiona ni nyeupe ya kuchakaa, kama chicha la nazi lililolala tangu jana. Harufu yake pia haiko mbali na hilo chicha. Ukitazama vizuri juu ya uvimbe wa usoni au mgongoni, mara nyingi utaona kitone cheusi katikati. Hicho ndicho kimlango chake. Vya kichwani kwa kawaida havina kitone, na hupenda kutembea kwenye ukoo: ukimwona mtu navyo viwili vitatu, muulize habari za baba yake au shangazi yake.

Uvimbe wa mafuta wa kweli ni mwingine. Huo ni laini, ukiubonyeza unateleza chini ya kidole, hauna kitone wala harufu. Nao tunautoa, lakini leo habari yetu ni hii gololi.

Sasa tuje kwenye kukamua, maana hapa ndipo wateja wetu wengi wanapoharibikiwa. Ukibana kwa vidole, kinachotoka juu ni kidogo, na huenda kingine kikapasukia chini kwa chini. Mwili ukikutana na ile keratini nje ya mfuko wake unaiona ni kitu kigeni, unaipiga vita: panavimba, panawaka moto, pengine panatunga usaha. Mtu anasema "limeiva", anatafuta pini au wembe. Uchafu unatoka, anapumua, uvimbe unanywea. Lakini kijifuko kimebaki, na kijifuko ndicho kiwanda. Baada ya miezi kadhaa kimejaa tena, safari hii kimegandamana na nyama kwa sababu ya kovu.

Hata sisi tumewahi kuteleza. Miaka yetu ya mwanzo alikuja binti aliyebakiza siku chache aolewe, uvimbe wa begani umekuwa mwekundu, akatusihi tuutoe siku ileile. Tukakubali. Mfuko uliowaka hulainika kama karatasi iliyolowa, ukiushika unachanika, huwezi kujua umebakisha nini. Mwaka haukuisha akarudi, palepale, na kovu limetanuka. Tangu hapo msimamo wetu ni mmoja: ukija una usaha tutapasua, tutausafisha, na dawa tutakupa ikihitajika, kisha tunasubiri kama wiki sita patulie ndipo tuutoe mfuko wenyewe. Wapo wanaokasirika wakiambiwa hivyo. Tunawaelewa.

Ukija uvimbe ukiwa umetulia, kazi yenyewe kwa kawaida ni kama nusu saa. Sindano ya ganzi inauma, tusidanganyane, kama siafu wawili watatu kwa sekunde chache. Baada ya hapo utahisi kusukumwa na kuvutwa tu. Tunachana ngozi kwa umbo la ngalawa, kile kitone kikiwa katikati ili nacho kiondoke, halafu tunamenya pole pole kuuzunguka mfuko. Wa kichwani una ganda gumu kidogo, na ukipata njia hutoka mzimamzima kama kokwa ya fenesi. Wa mgongoni ni msumbufu zaidi, ngozi ya huko ni nene. Tunashona, tunafunga, na kwa huduma hii Tanga ni kweli waja leo waondoka leo: unapumzika kidogo, unapanda bajaji, umerudi Makorora.

Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hadi 7, za kichwani siku ya 7 hadi 10, za mgongoni huweza kufika siku 14. Kidonda kisiguse maji siku mbili za mwanzo, na kuogelea baharini kusubiri hadi nyuzi zitoke. Dereva wa bodaboda mwenye mshono kichwani ajue helmeti itambana. Bora apange siku za kupumzika kabla hajaja.

Si kila uvimbe tunaukimbilia na kisu. Kama ukitoboa sikio kovu huota likawa kubwa kuliko kidonda, tuambie mapema, hasa uvimbe ukiwa kifuani au begani. Pengine tutakushauri uuache kama haukusumbui. Uvimbe wa mtoto karibu na nyusi au katikati ya pua hatuugusi, kwa kuwa unaweza kuwa na mzizi mrefu ndani na unahitaji picha kwanza. Vivyo hivyo uvimbe wa shingoni unaopanda ukimeza mate, wa titi, na wowote ulio mgumu, ulioganda, unaokua haraka au unaotoka damu wenyewe. Hao tunawaandikia barua waende Hospitali ya Bombo. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, kidonda kisichopona hatukiiti uvimbe hata siku moja, tunakipeleka mbele. Na tukitoa kitu chenye sura ya kututia shaka, kinakwenda maabara, hata mwenyewe akisema hakuna haja.

Yule mzee alitaka aone lililotoka. Tukamwonyesha kwenye bakuli, tukalipasua. Akachungulia, akakunja pua. "Miaka kumi na minne nabeba chicha!"

Bei inategemea ukubwa na mahali ulipo uvimbe, na unaambiwa kabla ya sindano. Njoo umekula, kufunga hakuhitajiki. Kama uvimbe uko mgongoni au kifuani, vaa shati la vifungo. Ukiwa na kisukari njoo na kadi yako, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda usiziache mwenyewe, tuambie kwanza.