Kurudi mikono mitupu kutoka Tendaguru si hasara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wazazi wanaolalamika kwamba safari ya wanafunzi wetu wa kidato cha tatu kwenda Tendaguru, kilima cha mkoani Lindi kulikochimbwa mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, ilikuwa upotevu wa nauli na wa siku nzima ya masomo, kwa sababu watoto walirudi Lindi usiku bila kuona hata mfupa mmoja. Malalamiko hayo ninayaelewa, maana gari la kukodi lina gharama na barabara ya kule inachosha. Hata hivyo yametokana na picha potofu ya kazi ya kutafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, picha ambayo sisi walimu na ninyi wa magazeti tumeshirikiana kuijenga.

Mtoto wa Lindi hukua akisikia habari za mjusi, yaani dinosaria wa Tendaguru. Anasikia kwamba Wajerumani walimchukua, kwamba yuko Berlin, kwamba wabunge wetu wamekuwa wakihoji bungeni ni lini atarudishwa au tutanufaika naye vipi. Akiambiwa kwamba kesho anakwenda kwenye kilima alikotoka mjusi huyo, anatarajia kuzikuta mbavu zimelala juu ya ardhi zikimngoja. Walichokikuta wanafunzi wetu mwezi Juni ni majani yaliyowapita kimo, vichaka vya miiba, na kijia ambacho mzee aliyetuongoza alikifungua kwa panga hatua kwa hatua. Ruhusa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kutazama, si ya kuchimba, na pale ambapo ardhi yenyewe haionekani hakuna cha kutazama.

Saa tisa alasiri, tulipokaa kivulini kula mihogo tuliyobeba, kijana mmoja alimwaga mawe aliyokuwa ameyakusanya ndani ya kofia yake, akaniomba nimwambie lipi kati yake ni mfupa. Tuliyapitia moja baada ya jingine. Mengi yalikuwa changarawe ya kawaida. Lililomtia tamaa zaidi lilikuwa refu, jeupe, lenye umbo la bomba, nami sishangai kwamba lilimdanganya, kwa kuwa chokaa inayoganda kuuzunguka mzizi hufanana sana na mfupa mwembamba kwa mtu ambaye bado hajazoea. Tulitazama pale lilipokuwa limevunjika: ndani palikuwa na chokaa tupu na tundu moja la mzizi uliooza zamani, wala hapakuwa na vile vitundu vidogo vidogo ambavyo mfupa huvionyesha ukikatika. Kijana alinuna. Mwenzake akauliza, kwa adabu lakini kwa uchungu, “Mwalimu, kwa hiyo tumekuja kutembea tu?”

Jibu nililompa ndilo ninalotaka wazazi nao walisikie. Niliwaagiza wote watoe madaftari na waandike tulipita upande gani wa kilima, tulianza na kumaliza saa ngapi, majani yalikuwa na urefu gani, udongo ulionekana wapi na ulikuwa wa rangi gani, na mwisho waandike kwamba hatukuona mfupa. Nilisisitiza waandike “hatukuona” na wala si “hakuna”, kwa sababu maneno hayo mawili yako mbali mno. Mtu aliyepita penye korongo lililo wazi, jua likiwa chini na vivuli vikiwa virefu, akachunguza kila jiwe asione kitu, ana haki ya kudai kwamba huenda pale hapana kitu. Lakini aliyepita katikati ya majani saa sita mchana, jua la utosi likiwa limefuta kila kivuli, hajathibitisha lolote zaidi ya kwamba alifika wakati usiofaa. Mzee wetu alilisema hilo kwa ufupi kuliko mimi: “Wajukuu zangu, mngengoja moto upite.” Alimaanisha moto wa kiangazi unaounguza majani, na baada yake mvua zinazoosha udongo na kuacha wazi kilichokuwa kimefunikwa. Maneno hayo nayo yamo madaftarini.

Historia ya kilima hicho inatosha kumliwaza yeyote aliyerudi mikono mitupu. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, alikuwa akitafuta madini alipokutana na mifupa mikubwa iliyochomoza ardhini. Hakuwa ametoka kwenda kutafuta mijusi. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya wenyeji walichimba wakiwa chini ya msimamizi wao, Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Uzito wa jumla ulipita tani 200. Lakini mjusi anayesimama Berlin, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi utosini, alisimamishwa mwaka 1937, na mifupa yake haikutoka kwa mnyama mmoja. Pale palipopungua palijazwa kwa mifupa ya wengine na kwa viungo vya kufinyanga. Kwa maneno mengine, hata ile miaka ya neema haikumpa mtu mjusi mzima.

Waingereza walipochukua zamu yao mwaka 1924, walikaa hadi 1931, wakampoteza kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, aliyefariki kwa malaria mwaka 1925, na hawakuwahi kusimamisha London mjusi wa kulinganishwa na yule wa Berlin. Miongoni mwa waliokuja na Cutler alikuwamo kijana aliyeitwa Louis Leakey. Huyo ndiye aliyeanza kazi katika bonde la Olduvai, kaskazini mwa nchi yetu, mwaka 1931, na fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo sasa linatajwa katika kila kitabu cha historia cha sekondari, lilionekana tarehe 17 Julai 1959. Na aliyeliona ni mkewe, Mary, huku Louis mwenyewe akiwa amelala kambini kwa homa. Katika miaka hiyo 28 walipata zana za mawe na mifupa ya wanyama kwa wingi, lakini fuvu la namna ile hawakuwa wamelipata.

Upande wa Kenya, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha paji la uso kando ya mto Nariokotome mwaka 1984, siku ambayo wenzake walikuwa wakipumzika, na kipande chenyewe kilikuwa na rangi iliyokaribiana mno na ya changarawe iliyokizunguka. Kipande hicho ndicho kilichofikisha watafiti kwenye mifupa ya yule anayeitwa mvulana wa Turkana, mmoja wa wahenga wa binadamu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni wa jino la Laetoli, mahali pasipo mbali na Olduvai. Akina Leakey walipita huko mwaka 1935, wakaokota mabaki kadhaa, wakaondoka wakiamini kwamba hawakupata chochote cha jamii ya binadamu. Jino moja kati ya hayo liliwekwa katika makumbusho ya London likihesabiwa kuwa la nyani, na ilipita miaka zaidi ya 40 kabla ya mtaalamu mwingine kutambua kwamba lilikuwa la mmoja wa wahenga wa binadamu. Lingekuwa limetupwa kwa hasira, au limetiwa mfukoni bila kuandikwa lilikotoka, leo lingekuwa jino tu.

Nataja mfuko kwa makusudi. Mtu aliyekata tamaa hushawishika kuondoka na chochote asirudi bure, au kumpa mtoto wa kijijini fedha kidogo amletee mfupa, na hapo ndipo uharibifu unapoanza, kwa sababu mfupa uliong’olewa mahali pake hauwezi tena kueleza ulilala kwenye tabaka gani wala pamoja na nini. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mabaki bila leseni. Mawe ya yule kijana, ingawa hayakuwa na thamani yoyote, tuliyaacha palepale kilimani, na yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kuyamwaga. Anayeona kitu kinachofanana na mfupa wa kale akiache kilipo, apige picha kwa simu akiweka kalamu kando yake ili ukubwa uonekane, kisha amwarifu mtendaji wa kijiji ili taarifa iwafikie maofisa wa mambo ya kale.

Kwako Mhariri nina ombi. Gazeti lako linapotangaza kwamba fuvu au mfupa umepatikana, tafadhali muulize mtafiti ametembea misimu mingapi kabla ya kuupata, na jibu lake ulichape katika aya za mwanzo, siyo mwishoni ambako wengi hatufiki. Wanafunzi wangu wanasoma habari hizo, na baadhi yao hudhani kwamba wataalamu hushuka garini na kuokota.

Wazazi nao nawajulisha kwamba tunaomba ruhusa ya kwenda tena kati ya Septemba na Oktoba, majani yakishaungua na kabla mvua hazijakata barabara. Tutafuata kijia kilekile, madaftari ya Juni yakiwa mkononi. Mzazi mwenye shaka anakaribishwa kupanda gari pamoja nasi, mradi achangie nauli yake, avae viatu vya kufunika miguu na abebe maji ya kutosha.

Wako,
Mwalimu wa Jiografia,
Lindi