Neema, nani ataendesha gari kurudi?

Hombolo, Dodoma
Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Mama yako ameniambia kuwa Jumamosi mnakwenda Franschhoek, bonde la mvinyo huko Afrika Kusini, watu watano kwenye gari moja la kukodi, na mmeshachagua mashamba manne ya kuonja mvinyo. Nimefurahi. Mtoto wa mkulima wa zabibu akae Stellenbosch, kilomita kama 30 tu kutoka bonde lile, asilione? Lakini hukumwambia nani ataendesha gari kurudi, na tangu jana swali hilo haliniachi.

Piga hesabu. Meza ya kuonja huwa na aina tano hivi, kila moja mililita 25 hadi 30. Shamba moja ni kama mililita 150. Manne ni 600, na chupa nzima ina 750. Kilevi ni asilimia 13 au 14, jua ni la Februari, na tumboni mna jibini na biskuti. Sheria ya huko inamtaka dereva awe chini ya gramu 0.05 za kilevi katika mililita 100 za damu. Kwa msichana wa umbo lako, shamba la pili tu linatosha kuvuka hapo. Kahawa haiondoi kilevi, wala maji, wala usingizi wa dakika kumi garini. Kinachoondoa ni ini, na ini halina haraka.

Mtaniambia mtatema. Vizuri, chombo cha kutemea kipo kila meza na wataalamu wote wanatema, usione haya. Lakini kinachobaki mdomoni kinashuka, na anayeonja ishirini anameza zaidi ya anavyodhani. Kwa hiyo dereva asionje kabisa. Anunuliwe juisi ya zabibu, na mlipieni chakula chake.

Kuna tramu ya mvinyo inayoanzia mjini, inapita sehemu ya reli ya zamani, kisha mabasi yanaendelea hadi mashambani. Njia zimepewa rangi, unachagua moja na huwezi kurukaruka kati yake. Kateni tiketi mapema, maana msimu huu viti vinajaa, na mjue kuwa ada ya kuonja inalipwa shambani, haimo kwenye tiketi. Ukishuka unasubiri tramu inayofuata, kwa kawaida saa moja hivi, ndiyo maana wanaopanga mashamba sita huishia matatu. Tramu inawatatulia mchana tu. Jioni gari lenu bado litakuwa pale mjini likiwasubiri, na swali langu ni lile lile. Msitegemee kuita gari kwa simu usiku. Bondeni huwa machache, na yanayokuja kutoka Cape Town ni ghali. Kama hakuna asiyekunywa, mkodi gari lenye dereva wake tangu asubuhi.

Najua kwa nini sina uso wa kulisema hili mbele yako. Ulikuwa kwenye ile pikapu. Mama yako hakuwahi kunikumbusha, na wewe pia hukunikumbusha, nami nimeliona hilo.

Njia ni R310. Mtapanda mlima wa Helshoogte, mtashuka hadi kijiji cha Pniel, mtapita shamba la Boschendal, halafu mkifika R45 mkate kulia. Mteremko ule una kona, na sasa ni mavuno, kuna matrekta yenye matela ya zabibu yanayokwenda polepole na yanaingia barabarani bila kutarajiwa. Mkiwa na nguvu pandeni pia mlima wa Franschhoek, barabara ya kwenda Villiersdorp, muone bonde zima kutoka juu. Fanyeni hivyo asubuhi, kabla ya glasi ya kwanza.

Simameni Pniel. Ilianzishwa mwaka 1843 kama kituo cha misheni kwa watu waliotoka utumwani, na baadhi ya watumwa wa Rasi ya Tumaini Jema walitolewa Msumbiji na Madagaska. Kwenye vipeperushi vya mvinyo utasoma sana habari za Wafaransa. Ni kweli, Wahuguenot, yaani Waprotestanti wa Kifaransa, walifika mwaka 1688, miaka mitatu baada ya mfalme wao Louis wa 14 kufuta ruhusa ya Waprotestanti kuabudu, na bonde lililoitwa Olifantshoek, kona ya tembo, likawa kona ya Wafaransa. Lakini mikono iliyochimba mashimo ya miche ilikuwa mingi zaidi ya hiyo. Kwenye mnara wao, ule wa matao matatu, mtazame yule mwanamke: mkono mmoja Biblia, mwingine mnyororo uliokatika. Kifaransa usitegemee kukisikia. Waliwekwa kati ya Waholanzi, watoto wakasomeshwa Kiholanzi, na vizazi vichache vilitosha. Yamebaki majina ya ukoo, de Villiers, Joubert, du Toit, na majina ya mashamba kama La Motte na Cabrière.

Sasa kazi yangu. Umenitumia picha za sahani za chakula tangu ufike, hujanitumia hata moja ya shina la mzabibu. Tafuta mizabibu ya zamani ya Sémillon, zabibu nyeupe, ile mizee isiyo na waya, iliyokatwa fupi kama kichaka. Piga picha karibu, nione wameacha macho mangapi ya kuchipua kwenye kila tawi. Wao wana baridi inayoulaza mzabibu, wanavuna mara moja. Sisi tunaulaza kwa mkasi na kuvuna mara mbili, ndiyo maana mashina yetu yanachoka mapema. Ulizia pia Cap Classique, mvinyo wao wa mapovu: chupa hukaa na chachu yake angalau miezi 12 kabla ya kufunguliwa na kusafishwa. Uliza wanavunja chupa ngapi kwa msimu, na kwa sababu gani. Na huo wa mapovu unapanda kichwani haraka, mjue.

Ukija Juni, lita mbili za mvinyo zinaingia bila ushuru, kwa hiyo chupa mbili hazina shida. Zifunge kwenye nguo, ndani ya begi linalokwenda chini ya ndege.

Huku mvua haijakata na vichala vya upande wa kisima vimeanza kuoza. Tunavuna Alhamisi, hata kama sukari haijafika. Pampu imeharibika tena. Baraka anataka viatu vya shule, nimemwambia asubiri zabibu zilipwe. Mama yako anauliza kama lile blanketi la kijani unalo wewe, kwa sababu halionekani.

Nitumie jina la dereva kabla ya Ijumaa usiku, na namba yake ya simu.

Baba yako