Vitabu vya zamani vya Kiswahili vitafutike mtandaoni, na wenye haki walipwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nitoe maoni kuhusu jambo ambalo hapa kwetu huzungumzwa kwa hasira pale mwandishi anapokuta kitabu chake kinasambazwa katika kundi la WhatsApp, kisha husahaulika: kuviskani vitabu vya Kiswahili na kuviweka katika mfumo wa kidijitali ili maneno yaliyomo yaweze kutafutwa kwa kompyuta. Hasira hiyo naiunga mkono, kwa kuwa anayepiga picha kitabu kizima na kukigawa bure anamnyima mwandishi mrabaha, na katika soko dogo kama letu nakala mia chache zisizouzwa zinatosha kumfanya mchapishaji asithubutu kutoa toleo la pili. Hata hivyo, kumruhusu mtu atafute neno ndani ya kitabu ni jambo tofauti kabisa na kumpa kitabu chenyewe, na kwa kuyachanganya mambo haya mawili tunajinyima chombo ambacho lugha yetu inakihitaji.

Tofauti hiyo imepimwa mahakamani nchini Marekani kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 2004 kampuni ya Google ilitangaza kwamba itaskani vitabu vya maktaba kubwa, zikiwamo za vyuo vikuu vya Michigan, Harvard, Stanford na Oxford, na mwaka uliofuata chama cha waandishi cha Authors Guild kikafungua kesi, kikidai kwamba kunakili kitabu kizima bila idhini ni kuvunja hakimiliki hata kama msomaji haonyeshwi chote. Pande husika zilijaribu kupatana kwa dola milioni 125, lakini mwaka 2011 Jaji Denny Chin aliyakataa mapatano hayo, kwa sababu moja ambayo naiona nzito hadi leo: yangeipa kampuni moja nafasi ya kuuza vitabu ambavyo wenye haki zake hawakuwahi kuulizwa. Miaka miwili baadaye jaji huyohuyo aliamua kwamba utafutaji wenyewe ni matumizi halali, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye mwaka 2015, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza shauri hilo. Kilichoipa Google ushindi, pamoja na manufaa ya utafutaji kwa umma, ni kwamba msomaji alionyeshwa vipande vichache, kila kimoja takriban sehemu ya nane ya ukurasa, visivyoweza kuungwa vikawa kitabu. Na vitabu kama kamusi na vya mapishi, ambavyo kipande kimoja tu chaweza kummalizia msomaji haja yake, havikuonyeshwa vipande kabisa. Ilipofika zamu ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani iliyokuwa ikiazimisha vitabu vizima vilivyoskaniwa, mahakama hiyohiyo ya rufaa iliikatalia mwaka 2024. Mpaka uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuona.

Hukumu za Marekani hazitufungi, na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, miaka mitano kabla ya mradi huo kutangazwa. Sheria hiyo iliweka ulinzi wa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kipimo hicho, kazi za Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, zilimaliza muda wake mwishoni mwa mwaka 2012, na sioni kwa nini mwanafunzi wa Tandahimba au Kasulu asiweze leo kutafuta sentensi ndani yake bila kupanda basi hadi Dar es Salaam.

Ugumu uko kwa vitabu vya baadaye, hasa vya miaka ya 1960 hadi 1980, na hapa naandika kama mtu aliyefanya kazi ya uhariri wa vitabu. Mikataba ya wakati ule niliyoishika mikononi ilitaja kuchapa, kutafsiri na kusoma redioni. Kompyuta haikutajwa, na wala hakuna aliyetarajia itajwe. Wachapishaji wengine hawapo tena. East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji la pamoja la nchi za Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1948, lilichapisha vitabu vingi vya Kiswahili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na Kenya ikaunda Kenya Literature Bureau yake mwaka 1980. Mjukuu wa mwandishi wa Kitanzania aliyechapishwa na shirika lile abishe hodi wapi? Wakati swali hilo linasubiri jibu, karatasi zinaliwa na mchwa na unyevu wa pwani, na kitabu ambacho nakala yake ya mwisho imeoza hakimletei mwenye haki hata senti moja.

Naona Norway imetuonyesha njia inayofaa zaidi kuliko ya Google. Huko Maktaba ya Taifa iliingia mkataba na Kopinor, jumuiya inayowakilisha waandishi na wachapishaji, ikavifungua kwa wasomaji walioko nchini humo vitabu vilivyochapishwa hadi mwaka 2000, kwa malipo yanayohesabiwa kwa idadi ya kurasa, na mwenye haki asiyeridhika anaweza kukiondoa kitabu chake. Mwandishi hakulazimika kupambana na kampuni kubwa ya kigeni, na maktaba haikulazimika kumsaka kila mrithi kabla ya kuanza kazi.

Najua waandishi wanahofu kwamba faili zikishatengenezwa zitaishia kwa kampuni zinazotafuta maandishi ya Kiswahili ili kufundishia programu zao, na hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo sababu faili zinapaswa kubaki mikononi mwa taasisi ya umma, na mkataba utamke kwamba matumizi yoyote zaidi ya utafutaji yanahitaji idhini nyingine na malipo mengine.

Kwa hiyo naiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo kisheria hupelekewa nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini, ishirikiane na Ofisi ya Hakimiliki pamoja na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuandaa orodha ya vitabu vya Kiswahili visivyochapishwa tena, na kuitangaza katika magazeti, likiwamo hili lako, ikionyesha jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka. Warithi wapewe mwaka mzima wa kujitokeza, kwa barua au kwa simu, katika ofisi ya mkoa wowote, na vile vitabu ambavyo muda wake wa ulinzi umekwisha vianze kuskaniwa bila kuungoja mwaka huo.

Mhariri mstaafu wa vitabu,
Magomeni, Dar es Salaam