Salamu za Krismasi: Siku Babu Aliposoma Kuta za Harambe

Ndugu, jamaa na marafiki wapendwa mlioko Marangu, Moshi mjini, Dar es Salaam na Nairobi, pamoja nanyi mliotawanyika huku Marekani na Kanada, nawasalimu nyote kwa upendo katika majira haya ya kuzaliwa kwa Bwana wetu. Wazee wangu, shikamooni. Najua kwamba wakati mnapoisoma barua hii wengine mmeshafika nyumbani na wengine bado mko njiani, kwa maana Desemba ni mwezi ambao Mchaga, hata awe ameweka makao mbali namna gani, hakosi kuuliza habari za nauli, za barabara ya Dar es Salaam, na za mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba akisubiri sikukuu. Sisi wa hapa Georgia hatukujaliwa kusafiri mwaka huu. Basi badala ya kuwaletea vifurushi, naomba niwaletee kumbukumbu moja ambayo nyumbani kwetu hurudi kila tunapoanza kupamba mti wa Krismasi, nayo ni ya Desemba 2019, wakati Baba na Mama walipokuja kula sikukuu kwetu, nasi tukawachukua kwenda Disney.

Watoto ndio walioomba safari ile, na walikuwa wameiomba kwa miaka. Mimi nilisitasita, kwanza kwa sababu ya gharama, maana tiketi ya siku moja ilikuwa zaidi ya dola 100 kwa kila mtu, lakini zaidi kwa ajili ya Baba. Wengi wenu mliomjua mnakumbuka kwamba alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, mtu wa utulivu, ambaye burudani yake ya Krismasi ilikuwa kukata kamba ya katani na kutufungia bembea kwenye mti wa mringaringa uliokuwa katikati ya migomba, kisha kukaa pembeni na kikombe chake akituangalia tukipokezana. Niliona vigumu kumfikiria katika makelele ya treni za kasi na mabango ya taa. Yeye mwenyewe alisema jambo moja tu: wajukuu wakienda, naye yumo.

Tuliondoka alfajiri, tukaenda karibu kilometa 700 kuelekea kusini mpaka Orlando, Mama akiwa na chupa ya chai miguuni na maandazi aliyoyakaanga usiku. Njiani alitusomea kwenye simu habari ambayo ilikuwa imewachangamsha sana watu wa nyumbani mwezi ule, kwamba treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilikuwa imeanza tena safari zake baada ya kukoma kwa miaka mingi. Baba alifurahi kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepewa siti ya dirishani.

Tulichagua Disney's Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, ambayo kwa eneo ndiyo kubwa kuliko bustani zote za burudani za kampuni ile. Ndani yake upo mji wa kubuni uitwao Harambe, na wale waliousanifu walisafiri mpaka Afrika Mashariki kujifunza, wakachukua mengi kutoka Lamu: kuta za chokaa iliyobabuka, milango mizito ya mbao, vibaraza na vichochoro. Jina lenyewe, kwa sikio letu, ni ile Harambee ya jirani zetu wa Kenya iliyopungukiwa herufi moja. Niliyajua hayo juujuu kabla ya kwenda, lakini sikuwa nimefikiria yangekuwa na maana gani kwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili atakapokutana nayo ana kwa ana.

Asubuhi tulianzia upande mwingine, kwenye mchezo ambao watoto wakubwa walikuwa wakiuota, ambao foleni yake siku ile ilizidi saa tatu. Mlangoni palikuwa na kipimo cha kimo. Asiyefika sentimita 112 haruhusiwi, na kitindamimba wetu, aliyekuwa na miaka mitano na nusu, alipungukiwa na upana wa vidole viwili. Mhudumu alimweleza kwa upole, lakini mtoto aliyesubiri siku hiyo tangu Agosti hatulizwi na upole. Alilia mpaka akashindwa kuvuta pumzi vizuri. Mke wangu akabaki kwenye foleni na wavulana. Baba akamshika mjukuu wake mkono akamwambia, “Twende zetu, mama, tukatembee mjini.” Mimi na Mama tukawafuata kwa nyuma, tukavuka njia inayoelekea Harambe.

Pale penye kibanda cha aiskrimu na vinywaji baridi Baba alisimama. Juu ya kibanda paliandikwa Tamu Tamu. Alilitazama andiko lile kwa muda, kisha akachuchumaa polepole, kwa kuwa magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto. Akamwuliza ile herufi ya kwanza ni ipi. Mtoto, ambaye alikuwa ametoka kujifunza herufi shuleni kwa Kiingereza, akaitaja kwa Kiingereza. Baba akatikisa kichwa akasema, “Ni sawa. Sasa iweke pamoja na a. Ta.” Akachora hewani kwa kidole. “Na hii iweke pamoja na u. Mu.” Mtoto, huku machozi hayajamkauka mashavuni, akarudia: ta, mu, ta, mu. Mara akanyamaza. Akamgeukia bibi yake, ambaye kila asubuhi alikuwa akimwuliza kama chai yake ni tamu, akapaza sauti: “Tamu! Bibi, ni tamu!”

Ndugu zangu, nimeishi na watoto wangu katika nchi ambayo Kiswahili kwao kilikuwa sauti tu, sauti ya simu za Jumapili, ya jikoni na ya kukaripiwa. Hakuna kati yao aliyekuwa amewahi kukiona kimeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, hadharani, mahali ambapo watu wa mataifa mengi wanapita na kukitamka. Nilimwona binti yangu akitambua kwa mara ya kwanza kwamba maneno ya bibi yake yana maandishi. Kuanzia hapo hakutaka kuachia mkono wa babu. Walikwenda duka kwa duka. Kwenye duka liitwalo Zawadi walikaa muda mrefu, kwa sababu alilifahamu neno lile kwa ajili ya Krismasi na akataka kujua kama zawadi zote za mle zimeandikiwa jina lake. Kwenye mkahawa uitwao Kusafiri, Baba alimfunika ku kwa kiganja, akamwachia safiri, kisha akaondoa kiganja, ili aone neno linavyovaa na kuvua. Hiyo ndiyo njia aliyotufundishia sisi sote, na aliowafundisha Marangu wakati ule leo ni watu wazima wenye wajukuu.

Kisha wakafika penye ukuta uliochorwa maneno Uhuru 1961.

Mji ule, katika hadithi waliyoutungia, ulipata uhuru wake mwaka huo, nao ndio mwaka wetu. Baba alikuwa na umri wa miaka 11 usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, wakati Luteni Alexander Nyirenda alipouweka mwenge wa uhuru juu ya kilele cha Kilimanjaro, kwenye mita 5,895. Alimweleza mjukuu wake, kwa Kiswahili chepesi na kwa kurudiarudia, kwamba usiku ule baba yake alimwamsha, akamvika blanketi, wakasimama nje kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, na majirani wote wakiutazama mlima. Hawakuona moto wowote, kwa maana kilele kiko mbali mno na usiku ulikuwa na wingu. Walisimama vilevile mpaka baridi ikawashinda, kwa kuwa walijua upo. Mtoto akamwuliza kama sasa bado unawaka. Baba alifikiri kidogo, akamwambia kwamba Mwenge wa Uhuru bado unakimbizwa kila mwaka nchi nzima, na kwamba akienda nyumbani atauona. Sikuwa nimewahi kumsikia akisimulia habari ya lile blanketi. Nilikuwa na miaka 43, na nilihitaji kufika Florida, mbele ya ukuta wa kuigiza, ili niisikie.

Wavulana walipotoka kwenye mchezo wao tuliungana kwa safari ya wanyama, ambayo huitwa Kilimanjaro Safaris. Unaweza kuwaza jinsi Mama alivyolipokea jina hilo. Gari lilituzungusha kama dakika 20 katika barabara ya zege iliyofinyangwa na kupakwa rangi ifanane na udongo wenye mashimo, tukaona viboko, twiga, tembo, na simba juu ya mawe. Mibuyu mingine ilikuwa ya zege pia, na Mama, ambaye maisha yake yote amenunua mboga soko la Mbuyuni, alisikitika kidogo kwamba haizai ubuyu. Mlima wa Kilimanjaro haukuwapo. Mlima pekee uliochomoza juu ya miti ulikuwa wa kutengenezwa, wa kama mita 61, nao waliuita Everest. Wavulana waliupanda kwa treni mara mbili. Nawasifu wenye bustani kwa jambo moja ambalo Mama alilishika mara moja: mirija ilikuwa ya karatasi, maputo hayauzwi na fataki hazipigwi, ili wanyama wasidhurike. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni mwaka uleule, hivyo aliwaona kama watu wanaosikilizana na kwao.

Jioni tulikwenda kula kwenye hoteli iliyo jirani, ambayo nyuma yake wanyama hulishwa kwenye uwanda uitwao Arusha. Huko hufanya kazi vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na kila mmoja huvaa kifuani beji yenye jina lake na mahali alikotoka. Binti aliyetupokea alitoka Botswana. Akamwinamia Baba akasema, “Jambo!” kama alivyofundishwa kuwasalimu wageni. Baba akamjibu, kisha akamwambia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba kwa mzee kama yeye lipo neno zuri zaidi. Hakuendelea. Binti yangu alidakia, “Shikamoo!” na yule dada akalirudia mara tatu mpaka likakaa sawa. Baba akasema marahaba kwa kila mara, kwa sauti ileile. Tuliporudi mezani na sahani zetu alikuwa amesimama dirishani akiwatazama ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu wakila majani pamoja na twiga, na niliona ametosheka kama mtu aliyemaliza siku ya kazi.

Hakuja tena. Machi 2020 ugonjwa ulifunga bustani zile, ukafunga na viwanja vya ndege, na safari iliyofuata baina yetu ilikuwa ya mimi kwenda kumzika mwaka 2022, kwenye kihamba kilekile, karibu na mringaringa. Nawashukuru tena wote mliotushika mkono siku zile. Mliokuja na masale, yale majani yetu ya kupeana pole, mliopika, mliokesha na Mama, hatujawasahau, na katika majira haya majina yenu hutajwa mezani kwetu.

Picha za safari ile tunazo nyingi, za wavulana wakipiga kelele kwenye treni na za Mama mbele ya twiga. Ile ninayoipenda zaidi niliipiga bila wao kujua: mzee aliyechuchumaa na kofia yake ya sufu katika joto la Florida, kidole kikiwa hewani, na mtoto mwenye macho mekundu akikifuata kidole kile kwa midomo. Iko juu ya kabati la vitabu, na kila Desemba tunaisogeza karibu na mti.

Mtoto huyo sasa ana miaka 11. Anasoma Kiswahili bila kusita, na tangu Babu alipoondoka amechukua kazi iliyokuwa yake mkesha wa Krismasi. Tarehe 24, ikifika saa sita mchana kwetu, ambayo ni saa mbili usiku Marangu, atampigia Bibi simu na kumsomea Injili ya Luka sura ya pili, ile habari ya watu kwenda kuandikwa kila mmoja mjini kwao. Bibi ameshasema kwamba majirani wanakaribishwa kusikiliza na kwamba mtori utakuwapo. Mlioko karibu, nendeni. Mtamsikia akikawia kidogo kwenye maneno marefu, akiyakata vipande kwanza, kabla ya kuyasema mazima.

Nawatakia nyote Krismasi njema na heri ya mwaka mpya. Mlioko njiani, mfike salama. Mkifika Marangu, tusalimieni Mama, na mtufungie watoto bembea.