King Majuto bado anachekesha, je, mrabaha unalipwa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimzungumzie mchekeshaji marehemu Amri Athumani, maarufu kwa jina la King Majuto, mzaliwa wa Tanga aliyeanza kuigiza jukwaani angali mtoto, miaka mingi kabla ya televisheni na kanda za video kumfikisha hadi huku kwetu Mbeya. Juzi, nikisubiri mvua ikatike ndani ya saluni moja hapa Mwanjelwa, nilishuhudia kinyozi akizima mashine yake hadi mteja amalize kucheka, ilhali mzee yule kwenye runinga hakuwa ametamka neno, alikuwa amekodoa macho tu. Ufundi huo wa kunyamaza (vijana wa sasa wanapiga kelele mno) haupatikani kwa siku moja.

Alifariki Agosti 8, 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, baada ya kutibiwa pia India, na ni katika miezi ya ugonjwa wake ndipo suala la mikataba ya wasanii lilipojadiliwa hadharani. Naomba vituo vinavyoendelea kurusha vichekesho vyake vituambie iwapo warithi wake wanalipwa mrabaha, yaani malipo ya msanii kila kazi yake inapotumika.

Msomaji wako,
Mwanjelwa, Mbeya